Vali ya tufe: Kinachobaki ndani baada ya kufungwa huweza kuharibu maziwa au kumjeruhi fundi

WAFANYAKAZI katika vituo vya kupozea maziwa hutumia muda mwingi kulisugua tangi. Hulimwagia maji, hulipaka sabuni, hulisuuza kwa maji moto na kulimulika ndani kwa tochi kabla ya kupokea maziwa ya alfajiri. Sehemu ambayo aghalabu husahauliwa ni koki iliyo chini ya tangi hilo, ambayo maziwa ya wakulima wote hupitia yakielekea kwenye lori.

Iwapo koki hiyo ni ya aina ya vali ya tufe, basi kila inapofungwa hubaki na maziwa kidogo ndani ya mwili wake. Maziwa hayo hayarudi tangini wala hayateremki kwenye lori. Hukaa papo hapo, gizani na katika ujotojoto, hadi koki ifunguliwe tena.

Tabia hiyo ya kufungia kitu ndani ndiyo chanzo cha matatizo mengi ya vali hii, si katika maziwa pekee bali pia katika mitambo ya gesi na klorini, ambako kilichosahaulika ndani huweza kugharimu maisha ya mtu. Hata hivyo, watumiaji wengi huijua kwa sifa yake moja tu: kwamba huziba bomba kwa kusukuma mkono wake robo ya mzunguko.

Jina linalochanganya

Kwa umbo, vali ya tufe ni kifaa rahisi mno. Ndani ya mwili wa chuma, shaba au plastiki mna tufe lililotobolewa tundu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Tufe hilo limeshikwa na viti viwili vya mviringo mfano wa pete, kimoja kila upande. Shina fupi huliunganisha na mkono ulio nje.

Mkono ukilala sambamba na bomba, tundu la tufe huelekeana na bomba na kitu hupita. Mkono ukikingama, yaani ukigeuzwa digrii 90, ubavu mzima wa tufe huziba njia. Mtu akiwa mbali aweza kuutazama mkono na kujua kama njia iko wazi au imefungwa, jambo ambalo haliwezekani kwa urahisi katika vali ya lango, ile ya kuzungusha gurudumu mara nyingi.

Mteja anayekwenda katika duka la vifaa vya ujenzi nchini Kenya na kuomba bolvalvu huenda akaulizwa swali la pili, kwani jina hilo hutumiwa pia kwa kile kifaa chenye boya kinachoelea ndani ya tangi na kuyazuia maji tangi linapojaa. Mkanganyiko huo ni urithi wa Waingereza, ambao mafundi wao walikuwa wakikiita kifaa cha boya kwa jina la tufe linaloelea. Yanayoelezwa hapa yanaihusu vali yenye tufe lililotobolewa, wala si ile ya boya.

Wazo la kuziba bomba kwa tufe lenye tundu si geni, lakini kwa muda mrefu halikuwa na manufaa makubwa. Chuma kikisuguana na chuma hakizibi kikamilifu, na kila mkwaruzo huwa njia ya kuvuja.

Mabadiliko yalitokana na bahati. Mnamo Aprili 6, 1938, mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont nchini Marekani alikuwa akichunguza gesi za kutumiwa katika majokofu alipogundua kwamba gesi iliyokuwa katika mtungi mmoja ilikuwa imegeuka kuwa unga mweupe wenye kuteleza. Unga huo ndio uliokuja kuitwa Teflon. Viti vya tufe vilipoanza kutengenezwa kwa nyenzo hiyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vali ilianza kufunga bila kudondosha hata tone, tena bila kuhitaji nguvu nyingi za mkono.

Teflon hailiwi na asidi wala kostiki soda, na ni vigumu kitu kushikamana nayo. Udhaifu wake ni ulaini. Ikibanwa kwa muda mrefu hutambaa polepole na kubadilika umbo, na joto likipanda udhaifu huo huongezeka. Kwa hivyo, mengi katika utunzaji wa vali ya tufe huhusu viti hivyo viwili laini na nafasi iliyo kati yake.

Nusu kikombe cha maziwa

Vali inapofungwa, tundu la tufe hukingama na kilichokuwa ndani yake hufungiwa humo. Katika vali ya inchi 2 yenye tundu la upana sawa na wa bomba, tundu hilo pekee hubeba takriban mililita 100, kiasi cha nusu kikombe cha chai.

Isitoshe, kati ya tufe na ukuta wa ndani wa mwili wa vali kuna uwazi mwingine, ambao hauelekeani na bomba hata vali ikiwa wazi kabisa. Maziwa huingia katika uwazi huo kila tufe linapogeuzwa, na hayana pa kutokea.

Bakteria wakipata chakula na joto la kuwafaa huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Kwa hesabu hiyo, bakteria mmoja aliyeachwa ndani ya vali saa nne asubuhi anaweza kuwa ameacha kizazi cha bakteria zaidi ya milioni 2 kufikia saa kumi na moja jioni. Maziwa yaliyo tangini hupozwa hadi nyuzi 4 ili ongezeko hilo lisitokee, lakini koki huchomoza nje ya tangi na mara nyingi haipati ubaridi huo.

Kiwango cha ubora cha Afrika Mashariki kwa maziwa mabichi, EAS 67, huyapanga maziwa kulingana na idadi ya bakteria. Daraja la kwanza ni la maziwa yaliyo na bakteria wasiozidi 200,000 katika kila mililita, na yanayopita milioni 2 hayana daraja.

Nusu kikombe cha maziwa yaliyochacha hakionekani ndani ya lori la maelfu ya lita. Lakini yeyote aliyewahi kugandisha mala nyumbani anajua kwamba haihitaji mala nyingi ya jana kuyageuza maziwa ya leo. Mkulima aliyekama kwa mikono safi na kuyafikisha maziwa yake kituoni mapema anaweza kurudishiwa habari kwamba shehena nzima imekataliwa, naye asijue kamwe kwamba kosa halikuwa zizini kwake.

Kuna wanaojipa moyo kwamba maziwa yatapashwa joto kiwandani. Ni kweli kwamba nyuzi 72 kwa sekunde 15 huua vijidudu vya maradhi, ila kupasha joto hakuyarejeshi maziwa yaliyokwisha kuharibika kuwa mazuri. Baya zaidi ni pale vali chafu inapokuwa imewekwa baada ya mtambo wa kupasha joto, kwa kuwa kutoka hapo hadi kwenye pakiti hakuna tena kitakachowaua bakteria wanaotoka ndani yake.

Viwanda vikubwa huosha mabomba yake bila kuyafungua. Hupitisha maji, kisha kostiki soda ya asilimia 1 hadi 2 ikiwa na joto la nyuzi 70 hadi 80, kisha maji tena, na mara kwa mara asidi ya nitriki hafifu ili kuondoa ugaga wa madini ya maziwa. Dawa hizo hupita kwa kasi ndani ya tundu la tufe na kuling'arisha. Ule uwazi wa nyuma ya tufe haupati mkondo wowote. Maji ya kusuuza hutoka safi kule mwishoni, na mkaguzi huandika kwamba laini ni safi, ilhali nyuma ya tufe kumebaki utando wa maziwa na vijidudu.

Hiyo ndiyo sababu wahandisi wa viwanda vya maziwa huipendelea vali ya kipepeo, ambayo ina kisahani kimoja kinachogeuka katikati ya bomba na haina chumba cha kufichia kitu. Mahali ambapo mabomba huoshwa bila kufunguliwa, vali ya kawaida ya tufe haifai, hata kama imetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu na inang'aa kama kioo.

Hata hivyo, si haki kuipiga marufuku kila mahali. Kipepeo huacha kisahani chake katikati ya njia, na bidhaa nzito kama vile jemu, asali au maziwa ya mgando yenye vipande vya matunda hukwama hapo. Tufe lenye tundu pana huacha njia iliyonyooka isiyo na kizuizi.

Pale inapolazimika kutumiwa, kuna njia tatu za kupunguza hatari. Ya kwanza ni kununua vali ambayo viti vyake vimerefushwa vikaujaza ule uwazi wa nyuma ya tufe. Viti hivyo hupunguza nafasi ya maziwa kukaa, ingawa haviimalizi kabisa, na vikichakaa mwanya hurudi.

Ya pili ni kuufungua na kuufunga mkono wa vali mara kadhaa wakati dawa inapita, ili tufe likiwa nusu njia liruhusu dawa kuufikia uwazi wa nyuma. Kiwandani kazi hiyo hufanywa na mtambo wa hewa. Katika kituo kidogo, ni lazima mtu asimame hapo aifanye, na ni rahisi kuisahau.

Ya tatu, ambayo ndiyo ya kuaminika zaidi, ni kuifungua vali yenyewe. Vali za vipande vitatu hutengenezwa kwa ajili hiyo: bolti zikilegezwa, kipande cha katikati hutoka na tufe na viti vyake, nazo ncha mbili zikabaki kwenye bomba. Kituo kisicho na mfumo wa kuzungusha dawa hakina njia nyingine ila hii, na wajibu huo hauna budi kuingizwa katika ratiba ya kuosha kama unavyoingizwa wa kuosha tangi.

Wakati wa kuosha, brashi laini hutosha. Sufi ya chuma haifai. Nyuso zinazogusa maziwa hulainishwa kiwandani hadi mikwaruzo yake isizidi wastani wa sehemu 0.8 ya elfu moja ya milimita, na kila mchubuko wa sufi hiyo huwa shimo ambamo bakteria hupata makao. Aidha, chembe zake za chuma hubaki juu ya chuma kisichoshika kutu na kukianzishia kutu. Grisi nayo iwe ile iliyoidhinishwa kwa vyakula, tena kidogo. Grisi ya gari haina nafasi hapo hata kama fundi hana nyingine mkononi.

Wenye ATM za maziwa, ambazo siku hizi zimeenea katika miji ya Kenya, wana jambo hilohilo la kuangalia kwa kipimo kidogo. Koki ya kutolea maziwa na kipande cha bomba kinachofuata huosheka kwa mkono, na matone yanayobaki humo usiku kucha ndiyo anayoyapata mteja wa kwanza wa asubuhi.

Kioevu kilichofungiwa hutafuta njia

Tufe lililofunga maziwa huyaharibu. Tufe lililofunga gesi iliyogandamizwa ikawa kioevu, mfano wa gesi ya kupikia, amonia ya majokofu ya viwandani au klorini ya kusafishia maji, huweza kupasuka.

Sababu ni kwamba kioevu kikipata joto hutanuka, na kwa kuwa hakibaniki kwa urahisi, shinikizo hupanda upesi mno ikiwa chombo kimejaa pomoni. Vali iliyofungwa asubuhi kukiwa na baridi kisha ikapigwa na jua la saa nane mchana ni chombo cha aina hiyo. Nyuma ya tufe hamna pa kutanukia. Kitakachoachia kwanza huwa ni viti, pakingi ya shina au, kwa bahati mbaya zaidi, mwili wa vali wenyewe.

Kwa minajili ya kuepusha janga hilo, vali za tufe zinazotumiwa kwa klorini hutobolewa kijitundu kidogo katika tufe, upande unaoelekea kule kioevu kinakotoka. Vali ikifungwa, kijitundu hicho huunganisha uwazi wa ndani na bomba la nyuma, na shinikizo likipanda hupata pa kupumulia.

Kijitundu hicho kina sharti lake. Vali ya kawaida ya tufe huzuia kutoka pande zote mbili na fundi aweza kuifunga bombani vyovyote apendavyo. Yenye kijitundu huzuia upande mmoja tu, na mshale uliochorwa kwenye mwili wake huonyesha ni upi. Fundi akiirejesha kinyume baada ya matengenezo, sumu itaendelea kuvuja kuelekea mahali ambapo wenzake wanaamini pamefungwa. Kwa macho, vali itaonekana sawa kabisa.

Hatari ya kioevu kilichofungiwa haiishi wakati bomba limemwagwa. Mara nyingi mafundi hufunga laini, hufungulia upande wa pili hadi kipimo cha shinikizo kisome sufuri, kisha huanza kulegeza bolti za vali. Kipimo hicho husoma bomba, hakisomi kilicho ndani ya tufe. Vali iliyofungwa kabla ya laini kumwagwa bado ina asidi, kostiki soda ya moto au gesi chini ya shinikizo, na bolti ya mwisho ikilegea humrukia fundi usoni.

Kinga yake ni kitendo cha sekunde chache. Baada ya laini kumwagwa na kupozwa, vali hufunguliwa na kufungwa, kisha huachwa ikiwa nusu wazi ili uwazi wa ndani upumue bombani, ndipo bolti ziguswe. Maelezo ya watengenezaji wengi husisitiza jambo hilo, lakini karatasi ya maelezo huwa imetupwa pamoja na boksi siku ya kununua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri nchini Kenya kuwapa wafanyakazi mafunzo na maelekezo yanayohitajika kwa usalama wao, na mwajiri mwenye mitambo ya namna hii hana sababu ya kuliacha hili nje ya mafunzo hayo.

Penye vitu vinavyoshika moto kuna masharti mengine mawili. Tufe lililoshikwa na Teflon pande zote halijaungana na chuma cha mwili wa vali, kwa hivyo umeme tuli huweza kukusanyika juu yake na kutoa cheche. Vali zinazofaa huwa na springi ndogo inayoliunganisha tufe na shina, na shina na mwili. Pili, Teflon huyeyuka ifikapo nyuzi 327, na moto wa kiwandani hupita hapo upesi. Vali zilizopimwa kwa moto hutengenezwa hivi kwamba viti laini vikiungua, tufe husukumwa likakaa juu ya ukingo wa chuma na kuendelea kuziba kwa kiasi. Vali ya maji ya bei nafuu haina hata kimojawapo kati ya hivyo viwili, na hapana ruhusa ya kuitumia kwa gesi ati kwa sababu nyuzi zake zimeingiana na za bomba.

Si kifaa cha kupunguzia maji

Kosa la kawaida zaidi, majumbani na viwandani, ni kuiacha vali ya tufe ikiwa nusu wazi ili kupunguza kasi ya maji. Hapo mkondo wote hupenyea katika mwanya mwembamba na kukikwaruza kiti sehemu moja tu. Kiti nacho, kwa kuwa kimekosa tufe la kukiegemea upande huo, hutambaa na kuingia katika tundu. Baada ya miezi kadhaa ya kutumiwa hivyo, vali haiwezi tena kufunga, na mwenye nyumba husema kwamba aliuziwa bidhaa mbovu. Anayetaka kupunguza mkondo atumie vali iliyokusudiwa kazi hiyo, kisha ya tufe iwekwe kabla yake kwa ajili ya kufunga kabisa.

Wepesi wake wa kufungwa nao una gharama. Mrusi Nikolai Zhukovsky, aliyefanya majaribio katika mabomba ya maji ya Moscow na kuchapisha matokeo yake mwaka 1898, alionyesha kwamba maji yakisimamishwa ghafla huzua wimbi la shinikizo linalokimbia kurudi nyuma. Katika bomba la chuma wimbi hilo huenda kwa kasi ya zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde.

Maji yanayosafiri mita 2 kwa sekunde katika bomba kama hilo yakikatizwa mara moja huweza kuongeza shinikizo la karibu bar 24, ilhali mabomba mengi ya majengo hufanya kazi chini ya bar 10. Kile kishindo kinachosikika ukutani mtu anapofunga koki kwa pupa ndicho hicho. Katika mabomba marefu ya kiwandani, au yanayoteremka kutoka mlimani, mkono wa vali hauna budi kusukumwa polepole kwa sekunde kadhaa, au vali ifungwe kwa gia inayomzuia mtu kuiharakisha.

Kwa mvuke, uangalifu huo huhitajika wakati wa kufungua. Viwanda vya majani chai hutumia mvuke wa boila kukaushia majani, na bomba la mvuke lililopoa usiku kucha huwa na maji yaliyotuama humo. Vali ikifunguliwa kwa mkupuo mmoja, mvuke huyasukuma maji hayo kama gogo hadi yagonge kona ya kwanza.

Mvuke pia hufichua maana ya maandishi yaliyo kwenye mwili wa vali. Nyingi za shaba huandikwa 600 WOG, herufi ambazo husimamia maji, mafuta na gesi. Tarakimu hiyo ni shinikizo la pauni 600 kwa kila inchi mraba, sawa na takriban bar 41, katika joto la kawaida. Haihusu mvuke hata kidogo. Mvuke wa boila wa bar 10 huwa na joto la nyuzi 184, na katika joto hilo viti vya Teflon haviwezi kustahimili shinikizo lile la baridi. Vali hiyohiyo ya 600 mara nyingi huruhusiwa pauni 150 tu za mvuke, na nyingine haziruhusiwi kabisa. Mnunuzi asiyeona kipimo cha mvuke kimeandikwa aichukulie kwamba hakipo.

Dukani na nyumbani

Vali ya shaba ya manjano ya bei ya chini sana mara nyingi huwa na tufe la chuma cha kawaida lililopakwa kromiamu. Rangi hiyo ikibambuka, kutu huanza, na kutu hiyo hukata viti kama msasa. Sumaku ndogo hutosha kulijua hilo: ikinata kwenye tufe la vali iliyouzwa kwa jina la shaba tupu, basi ndani mna chuma. Kuipima kwa uzito mkononi pia husaidia, kwani ukuta mwembamba hupasuka fundi anapoikaza kwa spana mbili.

Palipo na maji ya chumvi, kama yale ya visima vingi vya Mombasa, shaba ya manjano hupoteza zinki iliyochanganywa ndani yake na kubaki kama sifongo jekundu linalovunjika kwa kugongwa. Huko vali ya plastiki hudumu zaidi, ila ifunikwe isipigwe na jua. Kwa maji ya kunywa kuna pia suala la risasi, madini yanayotiwa katika shaba ili iwe rahisi kuchongeka. Marekani iliweka kikomo cha asilimia 0.25 kwa vifaa hivyo kuanzia Januari 4, 2014, na vali iliyoandikwa kuwa haina risasi hurejelea kikomo cha aina hiyo.

Jijini Nairobi, ambako maji ya mfereji huja kwa zamu katika mitaa mingi, vali iliyo chini ya tangi la juu ya nyumba ndiyo inayotenganisha familia na kiu ya siku kadhaa. Bomba likipasuka jikoni usiku, hiyo ndiyo hukimbiliwa. Mara nyingi hukutwa imekwama, kwa maana haijaguswa tangu nyumba ijengwe, na chokaa ya maji imeligandisha tufe katika viti vyake. Mwenye nyumba huchomeka kipande cha bomba kwenye mkono ili kuongeza nguvu, na shina hukatika.

Kuigeuza hadi mwisho na kuirudisha mara moja kila baada ya miezi mitatu au minne huondoa ugaga kabla haujawa mgumu. Vali iliyokwisha kukwama ichezeshwe kidogo kidogo mbele na nyuma, isilazimishwe.

Ikidondosha maji kwenye shina, tatizo ni pakingi wala si viti. Mkono huondolewa na nati iliyo chini yake hukazwa kiasi cha moja ya nane ya mzunguko, kisha hutazamwa. Kuikaza kupita kiasi huubana mshiko hadi mkono usisogee. Maji yakipita ilhali vali imefungwa kabisa, hapo viti vimekwisha. Vali ya kipande kimoja haina dawa ila kubadilishwa, lakini ya vipande vitatu hununuliwa viti vipya.

Fundi anayechomelea mabomba asiiache vali kamili ikiungua pamoja nayo. Kipande cha katikati hutolewa kwanza na kurudishwa chuma kikisha kupoa, la sivyo viti vitakuwa vimeyeyuka kabla maji hayajapita hata mara moja.

Mkono ulioondolewa kwa matengenezo huweza pia kurudishwa ukiwa umegeuzwa, hasa katika vali ambayo kizuizi chake kimevunjika, na tangu hapo ikawa inaonyesha wazi wakati imefungwa. Katika vali nyingi, ncha ya shina huwa imechongwa ubapa pande mbili au ina mfuo juu yake, na alama hiyo hufuata mwelekeo wa tundu la tufe. Fundi mgeni katika kiwanda huutazama mfuo huo kabla ya kuuamini mkono.